Mcheza Mbali Hutunzwa na Nani?

Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Methali hii hutajwa kwa wepesi, kana kwamba maana yake imekwisha katika kumsifu mtu afanyaye mambo mbele ya jamaa zake. Lakini ndani yake limo neno moja zito, nalo ni kutunza. Katika taarabu ya visiwani na ya mwambao mzima, kutunza ni tendo linaloonekana kwa macho. Mtu huinuka kitini, huinua noti juu ili ionekane, huenda mbele kwa mwendo wa muziki, akaiweka mkononi mwa mwimbaji; na mwimbaji huendelea kuimba huku akijua nani ameguswa na ubeti gani uliomgusa. Mapenzi ya msikilizaji hayabaki kifuani mwake. Yana njia ya kutokea, yana mahali pa kufikia, na yana mashahidi.

Juu ya mcheza mbali, methali haikusema neno. Haikuwa na haja ya kusema, kwa kuwa zamani aliyecheza mbali hakuonekana. Sinema ndiyo iliyoleta jambo jipya duniani: mtu anayechezea nchi nyingine, pengine aliyekwisha kufa miaka mingi, akaonekana uso wake mkubwa kuliko uso wa mtu aliye hai, akawaliza na kuwachekesha watu ambao hatawajua kamwe. Hapo ndipo lilipozaliwa swali ambalo wapenzi wa sinema hulipita bila ya kulitazama. Mcheza mbali hutunzwa na nani? Na ikiwa hakuna awezaye kumtunza, je, wale wanaomhusudu wana deni lolote kwake?

Lugha yenyewe inatahadharisha. Neno kuhusudu lina nyuso mbili. Uso wa kwanza ni kumwonea mtu kijicho kwa kile alicho nacho; uso wa pili, katika mazungumzo ya kila siku, ni kumpenda mno kwa sifa zake. Kiswahili hakikukosea kuziweka maana hizo katika nyumba moja, maana ukuta unaozitenga ni mwembamba. Pembeni yake lipo neno kuenzi, ambalo ni kukitia kitu katika heshima na kukihifadhi kisipotee. Anayehusudu hutamani awe yule, au awe na cha yule. Anayeenzi hutaka kile kizuri kidumu, hata kama yeye mwenyewe hatapata kitu. Anayekaa gizani akitazama sinema yumo baina ya maneno haya mawili, na mara nyingi hajui amelala upande upi.

Swali hili laweza kuulizwa Unguja, Mombasa au Lamu. Hata hivyo pana mahali ambapo lina uchungu wa pekee, napo ni ule ukanda wa dhahabu unaoanzia Shinyanga na Kahama, ukapita Bulyanhulu, hata ukafika Geita. Watu wa huko wana elimu ya muda mrefu juu ya kitu chenye thamani kinachotoka mikononi mwa wengi na kuvaliwa shingoni mwa wachache. Wana pia elimu nyingine, ya zamani zaidi, juu ya namna ya kumpima bingwa.

Wasukuma, ambao ndio wenyeji wengi wa sehemu hizo, wana vyama viwili vya ngoma vya tangu enzi, Bagalu na Bagika. Baada ya mavuno vyama hivyo hushindana. Pande mbili hucheza kwa wakati mmoja, zikitazamana, na mshindi ni yule aliyewavuta watu wengi zaidi upande wake. Miguu ya watazamaji ndiyo kura. Kwa sababu hiyo manju, yaani mtunzi na kiongozi wa ngoma, hana usalama wa jina. Umaarufu wa mwaka jana haumfai kitu ikiwa leo amelegea; watu watamhama akiwatazama kwa macho yake. Naye akizidisha ufundi, atawaona wakimiminika. Baina ya anayecheza na anayetazama pana mazungumzo yasiyokatika, na mazungumzo hayo ndiyo yanayomfanya bingwa awe bingwa.

Sasa watu hao hao wakaletewa sinema. Katika miaka ya 1990 na ya 2000, machimbo yalipofurika watu, banda la video lilikuwa miongoni mwa majengo ya mwanzo kusimama: miti, mabati au turubai, jenereta, televisheni, deki, mabao ya kukalia, na ubao wa chaki mlangoni wenye majina ya filamu za siku hiyo. Mchimbaji aliyepanda kutoka duarani, vumbi la mawe likingali nyusini, alitoa shilingi zake chache akaingia gizani. Humo aliwakuta Bruce Lee, aliyekufa mwezi wa Julai 1973 kabla filamu yake ya Enter the Dragon haijaoneshwa. Na Amitabh Bachchan na Dharmendra katika Sholay ya mwaka 1975. Aliwashangilia kwa sauti. Lakini sauti ile haikufika popote. Hata banda zima lingeinuka na kutoka, Bruce Lee asingejua kuwa amehamwa. Hata wote wangelia machozi, hapakuwa na mkono wa kuweka noti. Sinema ilileta uso wa bingwa na ikaukata mkono wake.

Mabanda hayo yalikuwa na istilahi zao. Palikuwa na steringi, naye ndiye shujaa asiyekufa mpaka mwisho. Palikuwa na adui, naye ndiye anayengojewa apate haki yake. Neno la tatu halikuwepo. Aliyeipanga picha, akaamua kamera isimame wapi na uso wa mwigizaji uangaziwe lini, hakuwa na jina katika banda. Watu walijua Enter the Dragon ni ya Bruce Lee. Robert Clouse aliyeiongoza hakujulikana. Walimjua Gabbar Singh wa Sholay hata wakamwiga sauti. Ramesh Sippy aliyeiongoza, na Salim na Javed walioiandika, walipita kama upepo. Jambo hilo lina ajabu yake, kwa kuwa lugha tayari ilikuwa na neno la kumfaa mtu wa namna hiyo. Mwongozaji ni manju. Tofauti yake ni kwamba manju wa sinema hujificha nyuma ya ngoma yake.

Wapo watakaosema kwamba haya si makosa, na hoja yao si nyepesi. Mchimbaji ametoa kiingilio chake. Amekaa saa mbili, amesahau zebaki na madeni, amerudi kazini. Kwa nini abebeshwe mzigo wa kujua jina la mtu wa Hong Kong, Bombay au Hollywood, ambaye hakupata kumjua yeye? Tena wao ni matajiri, na yeye ni maskini. Deni la maskini kwa tajiri ni hadithi wanayoipenda matajiri. Hoja hii ni ya haki kwa upande wa fedha. Lakini fedha si namna pekee ya kuwiwa, na wachimbaji wanalijua hilo kuliko watu wengine.

Kama ipo filamu ya zamani iliyostahili kuoneshwa Nyarugusu, Mgusu au Rwamgasa, ni The Treasure of the Sierra Madre ya mwaka 1948, aliyoiongoza John Huston, Mmarekani. Ni kisa cha watu watatu mafukara wanaokwenda kutafuta dhahabu katika milima ya Meksiko. Humphrey Bogart, ambaye watazamaji wa wakati ule walimzoea katika sura ya shujaa, humo ameigiza mtu anayeoza ndani kwa ndani kwa shaka na tamaa, hata mwisho hana rafiki wala nafsi. Mzee wa kundi ni Walter Huston, baba mzazi wa mwongozaji, aliyekubali kuvua meno yake ya bandia ili uso wake uwe uso wa mzee wa machimbo. Mwezi wa Machi 1949 baba na mwana walipata tuzo ya Oscar usiku mmoja. Katika filamu hiyo mzee anacheza ngoma ya furaha mlimani, ilhali wenziwe wamekata tamaa na kumwona mwendawazimu. Anacheza kwa sababu ameona kuwa dhahabu wanayoitafuta wanaikanyaga. Kazi ilipokwisha, yeye ndiye aliyeshikilia kwamba wasiondoke kabla ya kuufukia mgodi, kwa kuwa mlima umejeruhiwa na majeraha yake yanataka kufungwa. Mtu aliyeona mashimo yaliyoachwa wazi katika vijiji vya Geita haihitaji tafsiri ya neno hilo.

Lakini lililo kubwa zaidi mzee yule amelisema mapema, katika nyumba ya kulala maskini. Anaeleza kwa nini dhahabu ina bei ile. Hoja yake ni kwamba anapopata mtu mmoja, wapo mamia waliotafuta wasipate, na jasho la wote hao limo katika bei ya kile kipande kimoja. Waliokosa wamelipwa kwa kusahauliwa, lakini kazi yao haikupotea. Imo ndani ya thamani, imejificha.

Maneno hayo yanaeleza dhahabu, na yanaeleza sinema pia. Uso wa Bogart unang'aa kwa sababu mtu fulani aliipandisha taa mlimani, mwingine aliikata filamu usiku, na waigizaji wengi walijaribiwa wakaachwa. Anayeupenda uso ule peke yake hajafanya dhambi; ila amefanya kama yule anayeiona pete na kudhani dhahabu ilizaliwa kidoleni. Shinyanga ina mfano wake. Katika mgodi wa Mwadui, alioufungua Mkanada John Williamson mwaka 1940, ilipatikana mwaka 1947 almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5 kabla ya kukatwa. Ilizawadiwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza katika mwaka wa harusi yake, ikachongwa, ikawa moyo wa ua katika bruchi aliyoivaa miaka mingi akiwa malkia. Duniani almasi hiyo inaitwa kwa jina la Williamson. Mkono ulioichota katika udongo wa Usukuma haumo katika jina hilo.

Basi deni la kwanza la anayehusudu ni kuona. Si kuona uso tu, bali kuuona mkono ulioubeba uso. Deni hili halimgharimu maskini shilingi hata moja, na tajiri hawezi kulilipa kwa fedha. Anayelilipa hubadilika: badala ya kutamani kuwa steringi, huanza kuuliza jambo lilivyofanyika. Na kuuliza jambo lilivyofanyika ndiko mwanzo wa kuacha kuhusudu na kuanza kuenzi.

Hapa kizingiti chapandishwa juu zaidi, kwa kuwa anayetaka kuona yote hana ruhusa ya kuchagua mazuri. Miaka ishirini na mitatu kabla ya filamu ya Huston, Charles Chaplin alitoa The Gold Rush, kisa cha mzururaji mdogo katika theluji ya Klondike. Mzururaji huyo, kwa njaa, anapika kiatu chake na kukila kwa adabu zote za mezani, akizungusha kamba za kiatu kwenye uma kama tambi. Chaplin aliijua njaa. Alizaliwa London mwaka 1889 na utotoni mwake aliwahi kupelekwa katika nyumba ya mafukara. Hakuna aliyewahi kuifanya njaa ichekeshe na kuuma kwa pamoja namna ile. Lakini nyuma ya filamu hiyo hiyo yupo msichana, Lita Grey, aliyepewa mkataba wa kuwa mwigizaji mkuu wa kike akiwa na miaka kumi na mitano. Akapata mimba ya Chaplin. Nafasi yake katika filamu akapewa Georgia Hale. Na mwezi wa Novemba 1924 Chaplin, mtu wa miaka thelathini na mitano, akamwoa akiwa na miaka kumi na sita. Filamu ikatoka mwaka 1925, ikasifiwa dunia nzima, na mkono wa Lita Grey haumo.

Mwenye kuhusudu akilisikia jambo hili hufanya moja katika mawili. Ama hulificha, ili sanamu yake isivunjike. Ama huivunja sanamu na kudai kuwa hata kiatu kile hakikuchekesha. Njia zote mbili ni za mtu aliyempenda mwenye uso na hakuipenda kazi. Mwenye kuenzi ana njia ngumu zaidi. Husema kwamba kiatu kinachekesha na kwamba msichana alidhulumiwa, na haliachi sentensi moja limeze nyingine. Mapenzi yasiyostahimili khabari ya kweli hayakuwa mapenzi ya sanaa; yalikuwa mapenzi ya ndoto ya mtu mwenyewe.

Na wakati mwingine aliyeachwa nje ya picha ni mtazamaji mwenyewe. Howard Hawks, mmoja wa mabingwa wa Hollywood, alikuja Tanganyika mwishoni mwa mwaka 1960 kupiga filamu karibu na Arusha, na akaitoa mwaka 1962 kwa jina la Kiswahili, Hatari! John Wayne na wenziwe waliwakimbiza faru na twiga kwa magari kwelikweli, na ustadi wa kamera katika mbio zile haukanushiki. Baina ya kupigwa filamu na kuoneshwa kwake, Tanganyika ilipata uhuru, tarehe 9 Desemba 1961. Hakuna dalili ya khabari hiyo katika picha. Wenyeji wanapita pembeni, wanashika kamba, wanafungua vizimba. Jina la filamu ni lao; maneno si yao. Mswahili anayeitazama leo anaweza kuyasifu macho ya Hawks yalivyoona mwendo wa gari na mnyama, na akaandika pembeni kile ambacho macho hayo hayakukiona. Sifa hiyo ina thamani zaidi kuliko makofi, kwa kuwa imetolewa na mtu aliyesimama wima.

Lipo kundi jingine la mikono iliyosahauliwa, na hilo liko karibu na banda. Filamu haikufika machimboni kwa miguu yake. Chaplin alizungumza na dunia bila ya maneno. Hata hivyo mwaka 1942 aliirudisha The Gold Rush sokoni akiwa ameongeza sauti yake mwenyewe, akimsimulia yule mzururaji mdogo. Huko Japani, katika zama za filamu zisizo na sauti, msimulizi aliyeitwa benshi alisimama kando ya pazia na kuwaeleza watazamaji kisa, akitoa sauti za wote, na wengine wakaenda kwenye sinema kwa ajili ya benshi kuliko kwa ajili ya filamu. Heigo Kurosawa alikuwa mmoja wao. Yeye ndiye aliyemfundisha mdogo wake, Akira, kupenda filamu za nchi za mbali. Filamu za sauti zilipokuja, kazi ya benshi ikafa, na mwaka 1933 Heigo akajiua. Mdogo wake akaja kuwa mwongozaji mkubwa kuliko wote katika nchi yake.

Afrika ya Mashariki ilipata benshi wake baada ya nusu karne na zaidi. Kwa kuiga wasimulizi wa Uganda, walizuka Tanzania watafsiri wa filamu, na miongoni mwao jina la Lufufu lilivuka mikoa. Mtafsiri huyu haachi neno lilale. Hueleza, hutania, humpa adui lafudhi ya mtu anayejulikana mtaani, hugeuza mtaa wa Hong Kong uwe kama mtaa wa Kariakoo. Wasomi wangemlaumu kuwa amechafua kazi ya watu. Lakini anayejua kazi ya kutafsiri anajua pia kwamba aliyeshika kila neno na kumwacha msikilizaji nje hakutafsiri kitu. Kwa maelfu ya watu wa ukanda wa dhahabu, sauti hiyo ndiyo iliyokuwa mlango. Ikiwa Bruce Lee alipendwa machimboni, sehemu ya mapenzi hayo ni haki ya mtu aliyemfundisha Kiswahili.

Ugumu ni kwamba nakala nyingi za namna hiyo zilitengenezwa na kuuzwa pasipo ruhusa ya wenye filamu. Hapa mapenzi na wizi vilikula sahani moja. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 iko wazi. Lakini mtu wa Bulyanhulu, aliyeshuhudia wachimbaji wadogo wakiondolewa mwaka 1996 ili kupisha mgodi mkubwa, ana haki ya kutabasamu anapoambiwa habari za mali ya wengine. Tabasamu hilo linaeleweka. Hata hivyo si hoja. Aliyeibiwa hapati kutokana na kuibiwa kwake ruhusa ya kuiba. Anachopata ni ujuzi wa maumivu yake, na ujuzi huo ungepasa kumfanya awe mwepesi zaidi wa kumwona mwingine anayeibiwa.

Na mwingine huyo hakuwa mbali. Steven Kanumba alizaliwa Shinyanga tarehe 8 Januari 1984. Alisoma shule ya msingi Bugoyi, kisha sekondari ya Mwadui, jirani na ule mgodi wa almasi, kabla ya kwenda Dar es Salaam. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 aliingia katika kundi la Kaole, akaigiza katika tamthilia za televisheni, kisha akawa uso wa filamu mpya za Tanzania. Naye alikuwa mwenye kuhusudu. Aliwatazama waigizaji wa Nigeria, lakini hakuishia kuwatazama: alitafuta njia ya kufanya kazi nao, na Dar 2 Lagos ya mwaka 2006 ikawa daraja. Baadaye akaongoza na kutayarisha filamu zake mwenyewe, akajifunza upande wa nyuma wa kamera ambao mabanda hayakuwa na jina lake.

Alifariki usiku wa kuamkia tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na miaka ishirini na minane. Tarehe 10 maelfu kwa maelfu ya watu walifurika viwanja vya Leaders Club, Dar es Salaam, kumuaga, na wengine wakazimia katika msongamano, kabla hajazikwa katika makaburi ya Kinondoni. Mtu wa Usukuma angeweza kusema kwamba siku ile miguu ilipiga kura, na kwamba hakuna manju aliyepata kushinda namna ile. Huzuni ile ilikuwa ya kweli na haipaswi kudharauliwa. Ila haizuii swali lililo chini yake. Katika umati ule, ni wangapi walioziona filamu zake katika nakala za wizi? Ni wangapi waliomtunza alipokuwa akicheza, wakati noti ilikuwa na mkono wa kuipokea?

Hapa ndipo deni linapogawanyika. Kwa mcheza mbali aliyekwisha kufa, kama Chaplin aliyefariki mwaka 1977 au Huston aliyefariki mwaka 1987, deni ni la macho na la kumbukumbu: kuona kazi nzima, kutaja majina, kusema kweli. Kwa mcheza kwao, deni ni hilo na la fedha pia. Haitoshi kumlilia. Methali haikusema mcheza kwao hulilwa, ilisema hutunzwa. Na neno hilo limebeba maana mbili kwa hekima: kumpa zawadi na kumhifadhi. Aliyenunua nakala ya wizi ya filamu ya kijana wa Shinyanga, kisha akasafiri kwenda kumzika, amemhusudu kwa moyo wote, ila hakumtunza.

Bado linabaki deni moja, ambalo pengine ndilo linalolipika mbali na karibu sawasawa. Akira Kurosawa, yule mdogo wa benshi, alitoa Seven Samurai mwaka 1954. Wanakijiji wanaoporwa mavuno yao na majambazi wanawakodi mashujaa saba kwa malipo ya wali tu. Kisa hicho kilizunguka dunia. Wamarekani walikigeuza kuwa The Magnificent Seven mwaka 1960, na uzao wake umo katika Sholay, iliyoshangiliwa na watu ambao hawakupata kulisikia jina la Kurosawa. Mkulima wa Kahama au Shinyanga anakielewa kisa hicho kwa namna yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wezi wa ng'ombe walipozidi, wanavijiji wa huko hawakukodi shujaa. Walichukua pinde na mishale, wakaanzisha Sungusungu, jeshi la jadi ambalo baadaye lilienea mikoa mingi. Nguvu hiyo ilikuwa na dhuluma zake, na serikali ililazimika kuiwekea mipaka. Lakini ilianza na watu walioacha kungoja steringi.

Mwisho wa filamu ya Kurosawa, mashujaa wanne wamelala katika makaburi juu ya kilima. Bondeni wanakijiji wanapanda mpunga kwa ngoma na nyimbo, wameinama, wala hawatazami juu. Kiongozi wa mashujaa anasema kwamba walioshinda ni wakulima. Wako wanaosoma hapo utovu wa shukrani. Lakini mpunga unaopandwa ni ule ule uliopiganiwa, na ngoma ni ya watu walio hai kwa sababu ya waliokufa. Mkulima hakuinua noti. Alirudi kwenye kazi yake na kuifanya.

Mcheza mbali, basi, hawezi kutunzwa kwa mkono. Kila aliyemwangalia Chaplin na akatoka hapo akijua zaidi juu ya njaa ya jirani yake, amempa alichoweza kumpa. Kila kijana wa Geita anayeshika simu leo, akaacha kuiga pozi la steringi na kuanza kupiga picha ya duara, ya karasha, ya mwalo na ya mwanamke anayeponda mawe, huku akiuliza taa isimame wapi, ameianza ngoma yake. Siku akiicheza, atakuwa anacheza kwao. Na wale watakaomtazama watakuwa na noti mkononi, na mkono wa kuipokea utakuwa mbele yao.